Dawa imeniunguza na nywele zinakatika: zitapona, au ninyoe?

"Shikamoo dada. Nina miaka 31, naishi Tanga, kazini navaa ushungi kila siku. Nimeanza kuweka dawa ya kunyoosha nywele nilipomaliza kidato cha nne, na huwa naretachi kila baada ya wiki tano au sita. Wiki tatu zilizopita nilikwenda saluni mpya. Dawa ikaanza kuniwasha, nikamwambia msusi, akanijibu nivumilie kidogo ndiyo inashika. Nilitoka na vidonda viwili, kimoja juu ya sikio, kingine kisogoni. Vimeshakauka, lakini nywele zinakatika kila nikichana, kisogoni zimebaki urefu wa vidole viwili, na pembeni mwa uso zinapungua. Zikilowa zinavutika kama bigijii. Nimepaka mayai, mayonezi, maji ya kitunguu na mafuta ya nyonyo. Shoga yangu anasema niweke dawa ya watoto, ile laini, ili zilingane, na kopo nimeshanunua. Dada yangu anasema ninyoe tu yaishe. Nina mtoto wa miezi mitano, na sendofu ya mdogo wangu ni baada ya wiki kumi. Je, nywele zangu zitapona?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa vidonda. Kabla ya yote: hilo kopo usilifungue. Hata kidogo, hata kwa kugusia ncha tu. Nitalirudia mwishoni, lakini kama mtoto ataamka ukaishia hapa, basi angalau hilo umeondoka nalo.

Umeuliza kama nywele zitapona. Hizo zilizoungua hazitapona. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna damu wala fahamu, hauna kitu hai ndani yake cha kuunganisha palipoachana. Kidonda cha juu ya sikio kimefunga kwa sababu ngozi iko hai. Unywele ni sawa na kanga iliyolowekwa jiki usiku kucha: unaweza kuifua kwa upole na kuianika kivulini isiendelee kuchanika, lakini hakuna sabuni itakayoirudishia rangi. Kilicho hai ni shina, kule chini ya ngozi, na shina kama halikuungua litakutolea nywele mpya zisizojua habari za dawa kabisa. Hizo ndizo za kusubiri. Hizi za sasa unazitunza tu zisikatike zote kabla wenzao hawajafika.

Makopo mengi dukani yameandikwa kwamba yanatengeneza nywele zilizoharibika. Kinachofanyika ni kuzifunika na kuzilainisha mpaka utakapoosha tena. Si bure, kunasaidia, nami nitakuambia utumie baadhi. Ila ujue unachonunua, usije ukamaliza mshahara ukitafuta kopo la muujiza.

Mtoto wa miezi mitano umemtaja kwa kupita, lakini mimi hapo nilisimama. Mwanamke akiwa mjamzito, nywele nyingi ambazo zilipaswa kudondoka hubaki kichwani. Akishajifungua, zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi miwili hadi minne baadaye zinaanza kuanguka kwa mafungu. Mara nyingi huonekana zaidi pembeni mwa uso, palepale unapolalamikia. Hali hiyo huisha yenyewe, kwa wengi kabla mtoto hajatimiza mwaka, na haina uhusiano wowote na dawa. Kwa hiyo yawezekana una matatizo mawili yaliyopangisha chumba kimoja, na kila moja lina matunzo yake.

Utayatenganisha hivi. Asubuhi tandaza kitambaa cheupe mapajani, kaa karibu na dirisha, chana taratibu, kisha okota nywele zilizodondoka uziangalie moja moja. Unywele uliong'oka kwenye shina ni mrefu kama wenzake, na mwisho mmoja una kijitonge cheupe kidogo kuliko punje ya chumvi. Huo umedondoka kwa wakati wake. Uliokatika ni kipande kifupi kisicho na kijitonge, na ukiupitisha kati ya vidole, pale ulipokatikia panakwaruza kama ncha ya fagio la chelewa. Mtu mwenye afya nzuri anadondosha nywele kama 50 hadi 100 kwa siku, kwa hiyo vijitonge visikutishe. Vipande vifupi vikizidi, hiyo ni dawa. Vijitonge vikiwa vingi kupita kawaida, hayo ni ya uzazi, na siku ukimpeleka mtoto kliniki mwombe muuguzi akupime wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma baada ya kujifungua nao huangusha nywele, na hauonekani kwa macho.

Kwa zile zinazovutika kama bigijii sihitaji kipimo. Hiyo ni dawa.

Unywele ukiutazama kwa hadubini, nje umefunikwa na magamba yaliyopangwa kama makuti ya paa, moja likilalia jingine, yote yakielekea kwenye ncha. Chini ya makuti hayo kuna nyuzi za protini iitwayo keratini, zimesokotana kama kamba ya katani, nazo zimefungana kwa vifungo vya salfa. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoupa unywele nguvu, na ndivyo vinavyoshika ule mviringo wa kipilipili. Hapo ndipo ulipo mtego wote: dawa haiwezi kuunyoosha mviringo bila kugusa nguvu, maana vyote viwili vinakaa kwenye kifungo kimoja. Inayainua makuti, inapenya, inavivunja vifungo na kutoa chembe moja ya salfa katika kila kimoja, na kinachojifunga upya si kile cha mwanzo. Ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi zikilowa zinarudi kipilipili, na zenye dawa hazirudi. Mwaka 2010 Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichapisha vipimo vya nywele zenye dawa, wakaonyesha kwamba sistini, ile asidi amino inayobeba vifungo hivyo, imepungua kiasi kinacholingana na nywele dhaifu.

Hiyo ni kwa dawa iliyowekwa vizuri. Yako ilikaa kupita muda, na naamini haikuwa mara ya kwanza kwa nywele hizohizo. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Ukiretachi baada ya wiki tano, msusi ana sentimita moja hivi ya nywele mpya ya kufanyia kazi. Hata awe na mkono mwepesi kiasi gani, dawa itamwagikia zile za zamani ambazo zilishanyooka na hazikuwa na haja nayo. Kwa hiyo sehemu ileile ya unywele imepikwa mara mbili, tatu, nne. Wasusi wengi huanza kupaka kisogoni na kumalizia mbele, halafu wengine huosha kwa mpangilio tofauti, hivyo kisogo ndicho kinachokaa na dawa muda mrefu kuliko kwingine. Vile vidole viwili vya kisogoni havikunishangaza.

Na lile neno la "vumilia, ndiyo inashika". Jiulize: unywele hauna fahamu, sasa kinachowasha ni nini? Ni ngozi. Dawa ikiwasha, imeacha kufanya kazi uliyoilipia na imehamia kwenye nyama. Dawa ya kopo moja kwa kawaida ni sodiamu haidroksidi, yaani kostiki soda, ileile ambayo akina mama wa vikundi wanaitumia kutengenezea sabuni ya mche wakiwa wamevaa glavu. Haina namna ya kushika zaidi kwa wewe kuumia zaidi. Ikianza kuwasha ni kuoshwa, sekunde hiyohiyo, hata kama upande mmoja haujanyooka.

Shoga yako naye hana nia mbaya. Karibu kila mtu anaamini dawa ya watoto ni laini. Huwa ni ile ya kuchanganya, krimu yenye kalsiamu haidroksidi na kichupa cha maji cha pembeni, na vikikutana vinazaa gwanidini haidroksidi. Watafiti wa Afrika Kusini walipima pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya dawa hizi, za kostiki na za kuchanganya, zikiwemo zinazotangazwa kwa watoto, na matokeo yao ya 2019 yalionyesha kwamba zote ziko kwenye kiwango cha kuunguza ngozi. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5, dawa hizi ziko karibu na 12 au zaidi, na katika kipimo hicho kila hatua ni mara kumi. Hesabu hatua saba. Picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi haipunguzi hata moja. Zaidi ya hapo, ile ya kuchanganya huacha utando wa kalsiamu juu ya nywele unaozifanya kavu na kufifia, na kama mtaani kwenu mnatumia maji ya kisima ambayo sabuni haitoi povu, chumvi ya maji inaongezea utando juu ya utando.

Sasa jikoni kwako. Yai lina protini, hilo kweli, lakini protini ya yai ni kubwa mno kupita katikati ya yale makuti. Inakaa juu, inanuka, na ukisuuza kwa maji ya moto inaiva kichwani (nimewahi kumchambua mteja vipande vya yai kwa nusu saa, tukacheka mpaka machozi). Mayonezi ni mafuta na yai, habari ni ileile. Maji ya kitunguu yana utafiti mdogo wa Iraq wa mwaka 2002, lakini ulihusu ugonjwa mwingine kabisa, ule wa nywele kupotea kwa mabaka ya duara, si kukatika. Kuyapaka juu ya ngozi iliyoungua ni kujitesa. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yanafunika unywele na kuupa mng'aro, ila kwamba yanakuza nywele, ushahidi wake sijauona. Parachichi kula, mnyonyeshe mtoto.

Mafuta ya nazi yabaki. Mengi ya mafuta hukaa nje ya unywele, lakini asidi ya loriki iliyomo kwenye nazi ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi tu yaliyopunguza protini inayopotea nywele zikioshwa. Wewe mtu wa Tanga yanakuhusu kuliko wote, umezungukwa na minazi. Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kijiko kimoja cha chakula kinatosha, kwenye urefu wa nywele. Mahali palipokuwa na vidonda paruke.

Kuosha kuwe mara moja kwa wiki. Usiinamie beseni na kuzirundika kichwani kama unafua. Simama, maji yateremke kutoka juu kwenda chini, uelekeo wa makuti. Shampuu iguse ngozi kwa ncha za vidole, si kucha, na povu lile linaloteremka linatosha kusafisha urefu. Halafu kondishena nyingi, bila ubahili, na ikiwa bado kichwani ndipo uchane: chanuo lenye meno mapana, mkono mmoja umeshika nywele katikati ili shina lisivutwe, mwingine unaanza na ncha, vidole viwili vya chini tu, zikiachia unapanda kidogo, zikiachia tena unapanda. Nywele zilizolowa zinavutika zaidi na zinakatika kwa urahisi, na zako hasa. Kitana chembamba kiweke mbali mpaka mwakani. Ukimaliza, zikamulie kwenye fulana ya pamba iliyochakaa. Taulo lina vijitanzi vinavyokwaruza.

Mara moja kila wiki tatu au nne, badala ya kondishena ya kawaida, weka tritimenti ya protini. Kwenye orodha ya viambato nyuma ya kopo tafuta neno "hydrolyzed": maana yake protini imeshakatwakatwa vipande vidogo vinavyoweza kushika kwenye nyufa za unywele. Ufuate muda ulioandikwa, kisha kondishena laini juu yake. Usifanye kila wiki ukidhani zaidi ni bora. Protini ikizidi nywele zinakakamaa kama nyuzi za ufagio na kukatika kwa sababu nyingine. Utajua kwa kuuvuta unywele mmoja uliolowa: ukirefuka na kuendelea kurefuka mpaka ukakatika, protini bado inahitajika, ukikatika papo hapo bila kuvutika, ni ukavu, zipe maji. Na maji yanatangulia mafuta. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu umefunga mlango nyumba ikiwa tupu. Kwanza ile krimu nyepesi ya maji isiyooshwa, kisha mafuta kidogo juu ya ncha.

Pasi ya nywele, draya la mkono na roleta za moto, pumzisha zote. Moto ukikuta unyevunyevu ndani ya unywele uliochoka, maji yanachemka humohumo na kuacha mapovu, na unywele unakatikia hapohapo kwenye povu. Stimingi haina shida.

Sasa ushungi, maana hapo hujaniuliza lakini nina neno. Ushungi wenyewe hauna kosa. Kosa huwa kwenye kile kikofia cha ndani cha pamba kinachobana paji la uso na kusugua ukingo wa nywele kutwa nzima, na lile fundo kubwa la nywele linalofungwa nyuma ili ushungi ukae vizuri. Badilisha kikofia kiwe cha satini na kisichobana, fundo liwe chini na legevu, na usifunge nywele zikiwa mbichi. Satini hiyohiyo kulalia usiku, kilemba au foronya. Kupungua kwa nywele pembeni mwa uso kwa kuvutwa ni jambo ambalo, likishughulikiwa mapema, zinarudi. Likiachwa miaka, mashina yanakufa na ngozi inabaki inang'aa.

Kwa sababu hiyohiyo usisuke rasta wala kushonea wivingi sasa. Najua kila mtu atakuambia "suka zipumzike". Nywele zenye dawa zikivutwa ndizo zinazoumia kuliko zote, na hili pia limeonekana kwenye tafiti za Afrika Kusini: dawa na kuvutwa vikikutana, hatari ya upara wa pembeni hupanda. Baada ya miezi miwili, ngozi ikiwa nzima, waweza kusuka mabutu manene bila nywele za bandia. Kipimo changu cha zamani: ukitoka kusuka ukameza Panadol ili ulale, fumua. Hata kama umelipa, hata kama ni mkesha wa harusi.

Dada yako na unyoaji. Hakosei, kunyoa ndiyo njia fupi, na nimeona wanawake wakilia kwenye kiti halafu wakarudi mwezi unaofuata na kichwa kidogo kizuri wakiuliza kwa nini hawakunyoa zamani. Lakini wewe uko wiki ya tatu tangu uretachi. Nywele mpya ulizonazo hazifiki sentimita moja. Ukinyoa leo ni upara, na hakuna ugonjwa unaokulazimisha. Kama wewe mwenyewe hutaki, usinyolewe kwa kuchoshwa na maneno ya watu.

Ningekuwa nimesimama nyuma yako na mkasi, ningezikata fupi, sentimita chache chini ya masikio, ili zisogeleane na zile za kisogoni. Najua si ulichotaka kusikia. Ila urefu ulionao unakudanganya: ncha zilizopasuka zinaendelea kupasuka kwenda juu, na unazozing'ang'ania leo zitakatika zenyewe vipande vipande kwenye chanuo. Ukishazikata hivyo, unapunguza sentimita moja au mbili kila wiki sita hadi nane huku mpya zikija. Na nikuonye mapema: kuanzia wiki ya nane utaona vita. Pale kipilipili kipya kinapokutana na unywele mnyoofu ndipo pana udhaifu kuliko pote, panajikunja na kukatika. Wengi hukata tamaa hapo na kukimbilia dawa. Wewe utakuwa karibu na sendofu, na kishawishi kitakuwa kikubwa.

Kwa sendofu yenyewe, mkato mfupi uliowekwa roleta zikiwa mbichi na kuachwa zikauke zenyewe usiku kucha unapendeza, na kilemba kikubwa cha kitambaa cha sare kinapendeza zaidi. Wigi sawa, kwa saa za shughuli tu, juu ya kikofia cha satini, bila gundi. Gundi inaondoka na ukingo wa nywele, na wako tayari umepungua.

Huenda baadaye utataka kurudi kwenye dawa. Sitakuambia ni dhambi, nimeiweka vichwani mwa watu kwa miaka mingi na wapo waliotunza nywele ndefu nayo. Lakini isiwe kabla kukatika hakujakoma kabisa, na ikirudi iwe kila baada ya wiki kumi hadi kumi na mbili, mizizi peke yake, nywele za zamani zikiwa zimepakwa vaselini ili dawa isizishike. Usijikune wala kuosha siku mbili tatu kabla. Umefumua rasta au umepaka kanta, subiri wiki mbili. Omba uone kopo na lebo yake, kwa sababu dawa ya aina moja na ya aina nyingine zisizopatana zikikutana kwenye unywele mmoja, unayeyuka. Shampuu ya kukata dawa irudiwe mpaka povu liache kubadilika rangi. Na uliza kama maji yapo. Hilo la mwisho nilijifunza kwa aibu. Nikiwa bado msaidizi wa saluni, Dar es Salaam, nilimpaka mteja dawa kichwa kizima, nafungua bomba, bomba linakoroma hewa. Maji yamekatika, pipa tupu. Tulimwosha kwa chupa za maji ya kunywa kutoka duka la jirani, moja moja, mimi nikitetemeka na yeye akilia. Aliungua kwenye utosi. Mpaka leo sichanganyi dawa kabla sijajaza ndoo mbili na kuziona kwa macho.

Wapo pia wanaoniuliza kuhusu saratani, na kwa kuwa umetumia tangu kidato cha nne ni haki yako kujua. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio yao ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05, dhidi ya 1.64 kwa wasiotumia. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Kwangu unatosha kuwa sababu ya kupunguza mara za kuretachi, hautoshi kukunyima usingizi.

Kuna mambo ambayo mimi wa saluni sitayagusa, wala wewe usiyasubirie. Kidonda kikitoa usaha, kikivimba, ukapata homa au matezi nyuma ya sikio, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Vidonda vikishapona vizuri, kila baada ya wiki mbili paangalie mahali hapo kwenye mwanga, mwombe mtu akupigie picha kwa simu. Ukiona vinywele vidogo kama ndevu za siku mbili, shina liko hai. Ikipita miezi mitatu pakabaki laini na panang'aa bila hata vitundu vya nywele, hiyo yaweza kuwa kovu. Vilevile ukihisi utosi unawasha, unauma au unaungua bila kuweka dawa, na nywele zinapungua kuanzia katikati kwenda nje, usikae nalo: kuna ugonjwa unaoua mashina kimyakimya kwa namna hiyo, na daktari wa ngozi huweza kuusimamisha lakini hawezi kufufua yaliyokwisha kufa. Hapo Tanga anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, uombe rufaa kama itahitajika. Na Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda kinachofundisha madaktari wa magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992.

Hilo kopo sasa. Usimgawie shoga yako, wala binti wa dada yako kwa sababu boksi limeandikwa la watoto. Na usiliweke kwenye dirisha la bafuni au chini ya kitanda: mwanao ana miezi mitano, miezi michache ijayo atakuwa anatambaa na kuweka kila kitu mdomoni, na dawa hii ikimezwa inaunguza koo. Kama halijafunguliwa, jaribu kulirudisha dukani ulikolinunua. Wakikataa, likiwa na mfuniko wake, lifunge kwenye mfuko mara mbili ulitie kwenye taka siku gari linapopita.